Wasiwasi Ijibiwe kwa Sauti

Mujukuu wangu Zaina,

Salamu toka Kikula. Tuko wazima, na mama yako amefungua tena duka.

Unaniuliza neno wasiwasi limetoka wapi. Limetoka kwa Kiarabu: ni mnong'ono wa shetani kifuani mwa mtu.

Nilikuwa binti mdogo, baba yangu, dereva wa lori, akachelewa kurudi safarini. Majirani wakaleta mikeka ya kilio, wakinong'ona kwamba amekufa. Mama akaikunja, akawarudishia. Akapakua sahani ya baba, akapaza sauti njia nzima isikie: "Kilio ya nani? Bwana yangu anakuja kula!"

Baba alirudi. Hata asingerudi, mama asingenong'ona.

Basi weye, huko Ubelgiji, wasiwasi ikikunong'oneza, ijibu kwa sauti. Jirani akigonga ukuta, mwambie bibi yako ameruhusu.