Mteja Si Mbuzi wa Kufungwa Kamba

Nyumbani, chumba cha nyuma
Jumapili asubuhi, tarehe 9 Juni

Mpendwa kaka mkubwa,

"Mteja niliyempata mimi ni wangu, hata kazi ikiisha." Najua maneno haya ya shemeji yetu mkandarasi yamekufikia kwa simu kabla ya barua hii. Basi yangoje mlangoni kidogo, tusalimiane kwanza. Hujambo? Mgongo unasemaje na baridi ya huko? Sisi wazima. Mama anakwenda sokoni na kurudi kwa miguu, akigombana na wauza mboga wote. Ndiyo dalili ya afya yake.

Sasa tuyafungulie. Mteja si mbuzi, kaka, umfunge kamba mtini, uende zako, urudi umkute. Nimesoma vitabu vingi vya mabwana na watwana, lakini sijakuta hata kimoja kinachosema ukimjengea mtu bafu unammiliki na mwogaji.

Unaijua kanuni ya shemeji kwetu sisi mafundi anaotugawia kazi: fundi haongei na mwenye nyumba. Salamu, kisha inamia vigae vyako. Neno lolote lipitie kwake. Mwaka jana alinipeleka kuweka vigae bafuni kwa mama mmoja mshonaji, ambaye chumba chake cha kushonea kinatazamana na bafu. Mama huyo alikuwa amemwambia shemeji tundu la kutolea maji lihamishwe kutoka mlangoni hadi kona ya dirishani. Shemeji akaitikia, akapanda pikipiki, na neno likapanda naye. Mimi nikaambiwa sakafu iteremkie mlangoni, nikaiteremsha. Mwenye nyumba akipita anatazama, ananyamaza, akidhani nimeambiwa. Mimi nami kimya. Nilidhani ndivyo alivyotaka. Mabubu wawili katika bafu moja!

Tangu siku hiyo kila mtu akioga, maji yanavuka kizingiti na kulowesha vitambaa vya watu. Yule mama akampigia shemeji simu. "Nakuja kesho, mama." Kesho ya shemeji unaijua: haina asubuhi.

Mwezi uliopita mimi na yule mama tukakutana dukani kwenye saruji. Akanidaka mkono wa shati.

"Wewe si ndiye bubu wangu wa bafuni? Njoo urekebishe, na jikoni nako utaniwekea vigae."

"Mkandarasi umemwambia, mama?"

"Nimemwambia mpaka simu yenyewe imenichoka."

Nikakubali. Kwa hilo shemeji akaniita mwizi, mezani, mbele ya mama yetu.

Sikatai, kazi ikiwa bado mikononi mwa shemeji, fundi anayemnong'oneza mteja namba yake ya simu ni mwizi kweli. Shemeji ndiye anayezunguka kutafuta kazi, ndiye anayebeba lawama, ana haki yake. Lakini kazi iliisha, akaitwa, hakwenda. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa ameuacha yeye, sasa analia kwamba ukuta najenga mimi.

Ameapa kwamba nikilifanya jiko lile, kazi zake nisizione tena, na dada yetu, mkewe, asikanyage hapa kwetu. Kazi nitatafuta. La dada ndilo linalonichoma, maana hapo amemfunga kamba mtu wa pili. Hata hivyo siachi. Kesho nabomoa sakafu ile, na safari hii mwenye nyumba atasimama pembeni aniambie kwa mdomo wake maji yaende wapi.

Nisalimie mkeo na mapacha, na mjomba ukimwona mwambie miwani yake bado iko kwetu. Mama anasema Mungu akufunike huko uliko, na uvae soksi.

Sasa kaka, na wewe dada, maana najua kaka atakusomea barua hii kwa simu: msinipigie simu kuniambia niombe radhi. Dada, njoo kwa mama Jumamosi kama kawaida yako, mchana kweupe. Nawe kaka, ukija likizo, usikalie kiti cha hukumu kwanza. Mchukue shemeji, ingieni bafuni kwa yule mama, mwageni ndoo moja ya maji, mtazame yanakoelekea. Kisha shemeji amuulize mwenye nyumba, ana kwa ana: wewe ni mteja wa nani?

Na jibu atakalopewa, mlipokee.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ninapokufokea,
Fundi vigae