Nipimie Zuhura kwa Uzi

Balambala, Jumapili

Mama yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Magoti yanasemaje na mvua hizi za huko? Na Baba, kifua bado kinamnyima usingizi? Mimi mwili mzima, alhamdulillahi, ila moyo hautulii. Nikitoka kazini zahanati sijui nijiweke wapi. Nakaa, nasimama, nafagia palipokwishafagiwa, napanda kwenye tangi la maji kutafuta mtandao. Joto nalo halina adabu.

Jirani yangu Habiba, mfugaji aliyehamia hapa baada ya ukame kummalizia ngamia, alichoka kuniona nikizunguka ua. Akanikalisha mkekani, akanipa kamba. Sasa nafunga mafundo ya urembo, Mama, yale yanayopangwa mpaka yakatoa maua. Yeye hutafuna gome la mti hadi litoe nyuzi laini. Mimi natumia nailoni ya magunia, maana meno yangu bado nayahitaji. Nimeshasuka susu ya kuning'iniza kibuyu cha maziwa, na mshikio wa ndoo usiokata vidole. Mikono ikishughulika, kichwa hunyamaza kidogo.

Kwao hata nyumba hufungwa kwa kamba na kupakiwa juu ya ngamia, kwa hiyo fundo si mchezo. Siku nilipomwonyesha lile nililojivunia, alilivuta, likagoma kufunguka. Akacheka, akaniuliza ngamia akianguka na mzigo nitamfungua na nini. Ikabidi tulikate kwa kisu.

Lakini linalonikosesha raha ni ile simu ya mwisho. Ulimwambia Zuhura wangu aje amsalimie mama yake, nami nikamsikia wazi akikujibu, "Mama si wewe?" Ulicheka ili kunifichia, nami nikacheka. Nilipokata simu nililia.

Kesho yake nikaanza kumsukia mkoba wa chekechea. Habiba, ambaye huniita abaayo, yaani dada, aliutazama mkanda wake wa begani, akautazama tena.

"Abaayo, mtoto yako iko mrefu kiasi gani?"

Nikainua mkono, nikaushusha, nikaupandisha tena. Sikujua. Mkanda ule nilikuwa nausuka kwa mtoto niliyemwacha akijifunza kutembea. Habiba akaanza kuufumua pamoja nami.

Likizo yangu wameisogeza tena, usiniulize mpaka lini. Kwa hiyo nakuomba, chukua uzi, msimamishe Zuhura, umpime kutoka begani, upitishe kifuani hadi nyongani upande wa pili. Hapo pawe na fundo. Alifunge mwenyewe, hata likiwa ovyo. Kisha mpe kaka Hamisi aupeleke kwenye basi la Garissa.

Nisalimie Baba, na shangazi Mwanahawa anayekusaidia kumlea, na mama mkwe ukimwona sokoni.

Hapa kila mtu, hata wagonjwa, huniita Mama Zuhura. Akiwa anafunga hilo fundo, mwambie ni la nani.

Mwanao,
Mwanasiti