Sindano Moja kwa Siku

Jumatatu, 4 Machi 1996
Eda siku ya hamsini na nane. Na kichomi juu yake! Sindano za mwanzo hazikufua dafu. Daktari kaandika dawa mpya — seftriaksoni, jina la kuvunja ulimi. Siku saba. Kwa kuwa niko eda, nesi atanifuata nyumbani. Rosalia, Mmakonde wa Newala. Kauliza kama penisilini inanidhuru. La. Kachanganya unga na maji ya ganzi, katikisa kichupa, ikawa njano. Bado iliuma!

Jumatano, 6 Machi
Homa imeshuka. Nilimuuliza inafanyaje kazi. Eti vijidudu vina kuta, na dawa inavizuia visimalizie kujenga, vinapasuka. Mume wangu Mbwana, marehemu, alipakia saruji kiwandani Wazo miaka ishirini na mbili — angetaka kujua ukuta gani huo! Nilipomwambia Rosalia, alicheka. Tangu arobaini ipite, hakuna aliyecheka humu ndani.

Ijumaa, 8 Machi
Kwa nini mara moja tu kwa siku? Kasema ndiyo uzuri wake, inakaa mwilini siku nzima. Zile za zamani zilikuwa kila baada ya saa sita. Mara nne! Nimezitamani, Mungu anisamehe. Kaja saa nne, kaondoka saa nne na robo.

Jumamosi, 9 Machi
Kikohozi kwisha. Anasema wengi wakipata nafuu tu hukimbia dozi, ugonjwa ukarudi. Mimi kanisifu, mgonjwa mzuri. Imebaki moja. Eda imebaki siku sitini na tano. Naogopa kesho.

Jumapili, 10 Machi
Kaja baada ya misa, na gauni la kanisani. Kachoma ya mwisho. Kanipa kipimajoto, kaenda kunawa. Nikakitumbukiza kwenye chai — kitambo tu! Arobaini na mbili!
Kakitazama. Kaniwekea kiganja kwenye paji. Baridi. Kakitazama kikombe.
"Bi Munira, kwa joto hili ungekuwa unaweweseka."
Aibu! Nilitaka ardhi inimeze. Nililia. Karatasi ya dozi, anayoitia saini kila akichoma, kaiacha mezani, siku ya saba haina saini. Kavua viatu, kachukua kikombe, eti chai hii imeharibika, atapika nyingine.
Yuko jikoni sasa. Namsikia anafunua makopo, anatafuta sukari. Iko kwenye kopo la maziwa ya unga, nyuma ya mchele. Simwambii. Atafute.