Maboksi Mawili kwa Mjukuu Mmoja

Nyumba ya juu, nyuma ya kanisa,
Kavala.
Jumapili, 9 Novemba

Mpendwa kaka Argyris,

Pokea salamu kutoka nyumba uliyozaliwa. Goti lako linaendeleaje? Na wifi Polyxeni bado anakohoa, au ile chai ya mlimani niliyowatumia imemsaidia? Najua huko Stuttgart baridi imeshaingia, na najua pia kwamba huvai soksi nzito mpaka ugombezwe. Basi nakugombeza kutoka huku. Vaa.

Sisi ni wazima. Anthoula amepata nguvu na maziwa yanatoka. Hajatimiza arobaini, kwa hiyo hatoki nje, na jirani zetu wanaleta supu nyingi kuliko tunavyoweza kunywa. Mtoto ana sauti ya muuza samaki. Tunamwita Mtoto tu, maana jina analisubiri kwako, baba yake wa ubatizo.

Kaka, salamu zimekwisha na sina tena pa kujificha. Siku aliyozaliwa ulinipigia simu ukauliza kama ile damu ya kitovu imehifadhiwa. Nikakujibu, "Kila kitu kimekwenda salama." Ukafurahi, ukawanunulia watu vinywaji kwenye klabu yenu. Nilikudanganya. Hakuna damu iliyohifadhiwa popote. Boksi lako la vifaa vya kuikusanyia liko juu ya kabati langu, halijafunguliwa, na kila nikiingia kulala naligeuzia mgongo.

Nikueleze ilivyokuwa. Uliposema zawadi yako itakuwa nafasi katika benki binafsi ya damu, damu ya mtoto itunzwe kwenye baridi kwa ajili yake peke yake akija kuugua, nilikuambia ndiyo, Mungu akubariki. Wiki ileile Anthoula akaniambia damu hiyo ataitoa kwa benki ya umma, apewe mgonjwa yeyote itakayemfaa badala ya uboho. Naye nikamwambia ndiyo. Wewe ulinilea baba alipofariki, na yeye ni mwanangu wa pekee, sikutaka kumuudhi hata mmoja. Boksi lako lilipofika tulilificha, mimi na mkwe wangu Stathis. Nilijiambia siku ikifika Mungu atachagua mwenyewe.

Siku ikafika. Anthoula aliingia hospitali na boksi la benki ya umma mkobani, na mimi nikafuata na lako kwapani, chini ya koti.

Anthoula alikuwa na sababu yake, nawe unaijua. Unamkumbuka mume wangu Pandelis mwaka ule wa mwisho, saratani ya damu ikimla, na ndugu zake wote wamepimwa, hakuna ambaye uboho wake ulifanana na wake. Unakumbuka niliweka meza uani mwa kanisa nikawaomba watu waje wapimwe, watu nisiowajua hata kwa sura. Walikuja. Foleni ilitoka mpaka barabarani. Hakupatikana wa kumfaa, lakini walikuja.

Sasa sikia nilichokifanya mimi, mjane wa mtu huyo. Uchungu umeshika, nikalitoa boksi lako mbele ya mlango wa leba. Anthoula akaliona mlango ulipofunguliwa. "Hilo ni la nani?" Stathis akaanza kubabaika: "Ni la mjomba, mpenzi wangu. Ameshalilipia. Tukilikataa tutamtazamaje usoni?" Anthoula akasema, "Mwambieni mjomba mimi ndiye ninayezaa." Nikapandwa na hasira, kaka. Nikapaza sauti korido nzima ikasikia: "Damu ya ukoo wetu haitoki nje ya ukoo!"

Mkunga alitoka. Ni mwanamke wa makamo, sikuwa namfahamu. Akaniambia taratibu, "Mama, mimi nilipanga foleni pale kanisani kwa ajili ya mume wako. Nilikuwa wa ukoo gani?" Kisha akafunga mlango.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilikaa kwenye benchi na boksi mapajani, na Stathis hakunitazama wala mimi sikumtazama.

Mtoto alitoka mdogo, mweupe mno kama aliyepungukiwa damu. Mkunga akamwambia Anthoula kwamba wakikata kitovu upesi mfuko utajaa, na wakisubiri mpaka kiache kudunda, damu nyingi itamwingia mtoto. Anthoula akajibu, "Mwache anywe kwanza." Wakasubiri. Iliyobaki ilitiwa katika mfuko wa benki ya umma, na baada ya siku chache wakatuandikia, kwa heshima kabisa, kwamba chembe zilizomo ni chache, haziwezi kumfaa mgonjwa. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Mimi zimeniponyoka zote mbili.

Aliposikia nilivyokujibu kwenye simu, Anthoula aliweka tu kikombe chini. "Mama, mwandikie mjomba. Akija kubatiza, sitamtazama usoni na huku tunamdanganya."

Ndiyo maana naandika. Kasirika, kaka, unayo haki. Nikasirikie mimi. Anthoula hakujua chochote kuhusu zawadi yako mpaka alipoliona boksi, na hajawahi kukuvunjia heshima maishani mwake. Najua ukikasirika unanyamaza, na ukinyamaza unapitisha mwaka mzima. Usinyamaze mwaka huu. Ubatizo tumeupanga baada ya Pasaka, na mtoto asije akakosa mtu wa kumshika juu ya maji kwa sababu ya ulimi wa bibi yake.

Jana nilimwogesha. Yule aliyezaliwa mweupe kama unga sasa ana mashavu mekundu, mekundu kiasi kwamba nimemfungia ushanga wa buluu kwa kuogopa macho ya watu. Nilimshika miguu, ilikuwa ya moto. Ile damu tuliyoigombania, kaka, benki yako haikuipata, wala benki ya Anthoula. Aliinywa mwenyewe.

Msalimie sana wifi Polyxeni, na watoto wako Iordanis na Vasso. Stathis anakusalimu kwa aibu, Anthoula anakusalimu bila aibu yoyote. Mungu akulinde barabarani, na Mama Maria akulainishe moyo kabla hujafika mwisho wa barua hii.

Mimi dada yako akupendaye, niliyekuambia ndiyo nikimaanisha sijui,

Zafiro