Maziwa ya Kidosho kwenye Ndoo ya Shangazi

Jumatatu, 3 Machi

Bi Mizani amerudi kutoka semina ya wafugaji. Siku mbili tu kaenda, karudi na mizani ya kuning'iniza, kalamu tatu na maneno gunia zima.

Bi Mizani ni mkamwana wangu, mke wa mwanangu dereva wa malori, yule anayekuja nyumbani mara moja kwa mwezi kutuletea harufu ya dizeli. Jina hilo nimempa leo. Mwenyewe hajui. Mke wangu anajua, kacheka mpaka kapaliwa na chai.

Mizani kaitundika kwenye boriti ya banda. Kapima pumba. Kapima mashudu. Kapima mpaka majani. Nikamwambia, na mimi je, hunipimi? Akanijibu bila kugeuka: "Wewe Baba hutoi maziwa." Kanimaliza!

Sheria mpya ni hii. Lita nne za kwanza ng'ombe atazitoa kwa majani matupu. Zikizidi hapo, kila lita mbili anapewa kilo moja ya unga wa ng'ombe, ule mchanganyiko wa pumba, mashudu na chumvi. Anayetoa kingi ale kingi. Anayetoa kidogo asitumalizie unga. Na atakayeshinda chini ya lita sita kwa siku, siku saba mfululizo — huyo anauzwa.

Hesabu nzuri. Hata mimi wa darasa la nne nimeielewa, tena haraka kuliko nilivyotaka. Ng'ombe wangu Shangazi anatoa nne.

Jumanne, 4 Machi

Ng'ombe tunao wawili. Kidosho ni kijana, miguu mirefu, kiwele kama mto wa kulalia, lita kumi na nne kwa siku. Mateke pia anatoa, hayo hayapimwi. Kidosho aliingia kwa mlango mmoja, cherehani ya Bi Mizani ikatokea mwingine. Aliuza cherehani yake ndipo akamnunua, akiwa mtamba bado.

Shangazi ni mzee mwenzangu. Pembe moja imepinda kama anasikiliza umbea wa jirani. Amekula kofia zangu mbili na leso ya mke wangu. Nikimkamua naegemeza paji la uso ubavuni kwake, hatikisiki. Vidole vyangu siku hizi vina mtetemo — Kidosho hauwezi, anarusha teke. Shangazi anaacha kutafuna kidogo, ananisubiri, kisha anaendelea.

Nani mwingine nyumba hii ananisubiri? Mke wangu ananimalizia hata sentensi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimefanya jambo.

Mkamuaji ni mimi. Bi Mizani anapima chakula, anamwaga horini, kisha anakimbilia jikoni kuosha madumu ya maziwa; akirudi anapima kila ndoo na kuandika daftarini. Ndoo nyekundu ya Kidosho, ndoo ya bluu ya Shangazi. Mimi na ndoo mbili na hakuna shahidi anayeweza kusema.

Asubuhi nikamimina lita mbili kutoka nyekundu kwenda bluu. Jioni mbili nyingine. Daftari la Bi Mizani sasa linasoma: Shangazi nane, Kidosho kumi.

Nani kadhulumiwa? Maziwa yote yanaishia dumu moja. Mnywaji haulizi yametoka kwa nani. Nilirudi nyumbani napiga mluzi.

Jumapili, 9 Machi

Bi Mizani kanifuata uwanjani na daftari. Moyo ukaniruka. Kumbe anacheka! "Baba, umeona Shangazi? Chumvi tu ndiyo alikuwa anakosa masikini." Nikasema nilijua siku nyingi.

Kwa furaha kampa Shangazi kilo mbili za unga. Kidosho kampunguzia, kutoka tano hadi tatu. Sheria ni sheria.

Hapo nikajikuna kichwa. Hilo la unga kufuata daftari sikuwa nimelifikiria. Nilihamisha maziwa, yeye kahamisha chakula.

Ah, Kidosho ni kijana. Atavumilia.

Ijumaa, 14 Machi

Kidosho kashuka. Kumi na mbili za kweli.

Shangazi kwa kilo zake mbili kapanda nusu lita. Nusu! Unga wote uliobaki kauweka mgongoni. Amenenepa, anang'aa, anatembea kama mke wa diwani.

Leo mke wangu kaingia bandani kutafuta kuku anayetaga ovyo, kanikuta namimina. Ndoo hewani, maziwa yanashuka. Tukatazamana. Akasema, "Ukimwaga, utapiga deki mwenyewe." Akaondoka na kuku wake. Miaka arobaini na moja ya ndoa, ndivyo alivyo. Ananiachia kamba ndefu nijifunge mwenyewe.

Jumapili, 16 Machi

Ujinga wangu leo nauandika wote, maana kesho pengine sitauandika.

Bi Mizani alikuwa amechoka. Mtoto wake mdogo alikuwa na homa, hakulala. Kaja bandani macho mekundu, kafungua daftari, kaona za Shangazi, uso ukamfunguka. "Huyu bibi ananipa moyo, Baba." Basi mimi nikaona nimpe moyo zaidi. Leo nimemimina tano badala ya nne. Shangazi tisa na nusu! Kidosho saba.

Kafurahi kweli. Kaniletea chai bandani, sukari kama ninavyoipenda, bila kunihubiria.

Kisha kapima unga. Shangazi karibu kilo tatu. Kidosho moja na nusu.

Chai ile niliinywa yote. Ilikuwa tamu, sikatai.

Jumatano, 19 Machi

Kidosho kumi za kweli. Nikitoa tano, daftarini anabaki na tano.

Tano! Chini ya sita. Siku ya kwanza ya zile saba, na si Shangazi anayehesabiwa — ni Kidosho.

Nimejaribu kuhamisha unga kwa mkono, toka hori hadi hori, Bi Mizani alipotoka. Shangazi kanipiga kichwa mkononi, mizani nzima ikatikisika. Mimi! Mimi niliyemtetea! Akamaliza unga wake akaramba na mbao. Kidosho anatazama tu, kamba haifiki.

Ufunguo wa stoo anao Bi Mizani shingoni. Nimetia pumba mfukoni kutoka kwenye ungo wa kuku, nikampelekea Kidosho konzi mbili. Mke wangu kauliza koti langu lina nini, mbona kuku wananifuata kama nimewaposa.

Alhamisi, 20 Machi

Leo nikasema basi, nitapunguza taratibu. Nikamimina nne badala ya tano. Kidosho naye kashuka nusu, daftarini tano na nusu, bado chini ya sita.

Shangazi kashuka lita moja daftarini. Bi Mizani kashtuka kama mtu kaambiwa nyumba inaungua. Kamshika masikio aone kama ni ya baridi. Kampima homa. Kakagua kinyesi kwa kijiti. Kakaa naye kwenye ndoo iliyopinduliwa tangu saa kumi mpaka mbuzi wa jirani wanarudi, anamkuna shingoni, anamwambia maneno. "Pole bibi. Unaumwa wapi?" Bibi anacheua, mzima kama jiwe.

Kasema kesho anamwita daktari wa mifugo amchome sindano. Sindano ile naijua, ndefu kama kalamu. Mtu mzima achomwe kwa ugonjwa wa ndoo?

Ijumaa, 21 Machi

Nimerudisha tano. Shangazi kapona. Bi Mizani kasema ni mapenzi, ng'ombe anayajua mapenzi. Mimi nikaenda kuosha ndoo.

Kidosho daftarini nne na nusu. Unga wake sasa ni konzi tu, wa kumdanganyia asimame.

Jumanne, 25 Machi

Mifupa ya kiunoni imeanza kumtoka Kidosho. Ukiweka kofia inakaa, haianguki. Hapigi teke tena. Nilikuwa nayalaani mateke yale kila siku, leo nimekaa chini yake nikamwambia, piga basi, piga moja tu. Kahamisha mguu pole pole, kaniachia nafasi.

Tisa za kweli anatoa. Kwa majani na konzi ya unga! Anajikamua mwili wake mwenyewe. Ng'ombe wa namna hiyo hata semina hawajamwona.

Siku saba zimetimia leo. Bi Mizani kaja na daftari, hakulifungua. Kakaa juu ya gunia.

"Baba," kasema, "nilitaka kumuuza Shangazi wako. Nisamehe. Macho yangu ndiyo yalikuwa mabovu."

Nikasema hakuna cha kusamehe.

"Huyu wangu ndiye mzigo. Nilimpendea miguu."

Nikamwambia ampe muda, ampe unga kidogo aone. Katikisa kichwa. Sheria aliyotaka kumuuzia Shangazi, ataikunja vipi ikifika kwake? Watu watasema mkamwana anapendelea mali yake. Kampigia mnunuzi. Ijumaa anakuja.

Hakulia. Kachukua ufagio kafagia chini ya Kidosho, mahali ambapo palikuwa safi.

Alhamisi, 27 Machi

Mke wangu kaongea. Nilikuwa nalala upande wangu, mchana, nimejifunika uso kwa gazeti. Kalitoa gazeti.

"Baba watoto, mchezo wako ulikuwa unanichekesha. Sasa haunichekeshi."

Nikamwambia nitasema.

"Lini? Kidosho akiwa juu ya gari?"

Nikamwambia, nikisema, Shangazi anakwenda kwa mchinjaji. Kilo zote zile alizoongeza, mchinjaji atamchangamkia. Mimi mwenyewe nimemnonesha!

Kakaa kitandani, kanishika mguu, kanibana kidole gumba kama anavyofanya tangu tukiwa wachanga wa ndoa. Kasema Shangazi na yeye anampenda, leso alishamsamehe. Lakini yule mtoto wa watu aliuza cherehani. Anaamini daftari kwa sababu anamwamini anayeshika ndoo. "Umemfanya asiyaamini macho yake mwenyewe, na macho yake ni mazima."

Hilo limeniingia mahali.

Nikaamka nikaenda jikoni kusema. Bi Mizani alikuwa anakwangua sufuria. Kaniona, kavuta kigoda. "Kaa Baba, nimekubakishia ukoko, si unaupenda?" Nikakaa. Nikaula. Ukoko mzuri, umeungua upande mmoja tu. Nikashukuru. Nikatoka.

Mwoga mkubwa mimi.

Ijumaa, 28 Machi

Naandika haraka, nimo chumbani.

Mnunuzi kaja saa kumi. Bwana mnene, mpole, buti safi mno kwa kazi yake. Kamzunguka Kidosho mara mbili. Kamshika mgongo, kamvuta ngozi, kafungua mdomo. Nilikuwa naomba asimpende. Kasema, "Amekonda, lakini mwili huu una kitu. Mkamueni nione."

Hapo nikapata wazo, wazo baya, tena la haraka. Nikimkamua vibaya, nikibana chuchu nusu nusu, maziwa hayatoki. Bwana ataona hana kitu, atapanda gari lake, Kidosho atabaki. Siri inabaki, Shangazi anabaki. Wote tunabaki! Nilifurahi kama sekunde mbili.

Bi Mizani kaleta jagi la lita mbili. Ndoo hakuleta. Daftari linasema lita nne kwa siku, jioni moja itakuwa ngapi? Jagi linatosha. Kasimama nalo mbele ya mgeni, aibu imemjaa, kama mtu anayemleta mbele ya watu mwanawe aliyefeli mtihani. Kasema taratibu, "Usimtarajie mengi, bwana. Anajitahidi tu."

Anajitahidi tu!

Nikakaa kwenye kigoda. Nikaosha chuchu kwa maji ya moto. Nikaegemeza paji la uso ubavuni kwa Kidosho, mara ya kwanza tangu aje. Katulia. Mbavu nikazihesabu kwa paji la uso, moja moja. Nikasema moyoni nibane nusu. Vidole vikakataa. Sijui ni mtetemo, sijui ni nini. Vikakamua kama vilivyozoea, kwa haki, mkono wa kushoto, wa kulia.

Jagi likajaa. Povu likapanda, likamwagikia kidoleni kwangu, likadondoka kwenye buti safi. Chuchu mbili za nyuma sijazigusa bado.

Mnunuzi kapiga kelele ya furaha. Kasema hapo hapo anampeleka, gari analo. Mke wangu alikuwa mlangoni mwa banda, kaangalia paa.

Bi Mizani kaliangalia jagi. Kakiangalia kiwele, bado kimejaa. Kaangalia upande wa pili, kwa Shangazi, mgongo mpana kama meza. Kisha ndoo ya bluu ukutani. Niliona hesabu inapita usoni kwake, tarakimu kwa tarakimu, kama anavyopima unga, bila kuruka hata gramu.

Mimi ningeweza kusema pale. Badala yake nikasema, "Ngoja nilete chombo kingine." Nikatoka mbio, kwa umri huu!

Ndoo nimeipata jikoni, sasa iko mapajani, ndiyo meza ninayoandikia. Nje mnunuzi anaongea peke yake, bei inapanda yenyewe. Nimemsikia Bi Mizani akimwambia neno moja tu, tena kwa sauti ya kawaida: "Subiri."

Sasa ndala zake ziko ukumbini. Hazina haraka. Zimepita chumba cha watoto. Zimepita jikoni.

Mlango sikuukomea.