Kadi Nyekundu ya Malkia

Jumatano, 4 Juni

Naandika kwa sababu nikifungua mdomo nitamtukana mtu.

Nimeitwa kituoni, kule anakosoma Malkia. Nikaacha mteja saluni, chini ya draya, nikakimbia, nikijua Malkia kang'ata mtu tena. Kumbe wala! Ni Mtaalamu mpya, yule kijana wa tiba, shati limenyooka utadhani alizaliwa nalo. Kanitolea grafu. Mstari unapanda tu kama bei za vitu. Anasema Malkia, mtoto wa kaka yangu, anatumia kadi nyekundu kupita kiasi.

Kadi zenyewe nilizitoboa mimi nikazitia kwenye pete ya funguo, zinaning'inia kiunoni mwake. Maji. Choo. Chakula. Nyumbani. Na hiyo nyekundu: SITAKI. Msichana wa miaka ishirini na miwili, hajawahi kutamka neno. Hizo kadi ndizo mdomo wake.

Ni kweli, siku hizi amezidi. Kuoga — nyekundu. Kofia — nyekundu. Nikimsogelea na kitana, nyekundu juu! Domo, mwenzangu pale saluni, anasema Malkia kawa refa, sote tumeshatolewa uwanjani.

Lakini Mtaalamu hakuwa anacheka. Mwisho wa mwezi huu Malkia anatoka kituoni, umri umepita. Kuna karakana ya watu wazima, wanakunja mifuko ya karatasi, wana walimu wao. Nafasi chache. Anayekataakataa hachukuliwi. Juzi walimpeleka kujaribu, kuna mashine ya kukata inayopiga kelele, wakampa vile vifuniko vya masikio. Nyekundu. Wakajaribu tena. Nyekundu.

Asipopata karakana, ni nyumbani. Mimi niko saluni kutwa. Maana yake ni kumfungia mlango kwa nje. Nasema wazi hapa: hilo ndilo ninaloliogopa kuliko kufa.

Mtaalamu anataka kadi nyekundu iondolewe kwa muda. Akikataa kwa mikono, unasubiri, unarudia agizo, unamshika mkono taratibu unamwongoza. Akitii, anapewa roleza — zile za nywele, anazipenda kuliko chakula, anazipanga kwa rangi. Na nyumbani iwe vilevile. Kituo kikisema hivi na nyumbani vile, mtoto anachanganyikiwa.

Akaniuliza kama ameugua karibuni. Nikamwambia mzima kama chuma, anakula, analala. Mwalimu wake naye akaitikia, mzima.

Nikaifungua pete mwenyewe. Kadi iko kwenye droo, chini ya vibanio.

Jumapili, 8 Juni

Jumapili ni siku ya kichwa chake. Shangazi msusi, mtoto hataki kuguswa nywele — Mungu naye ana utani wake! Ilinichukua miaka kupata mkataba wetu. Kwanza namwonyesha kitana. Kisha najichana mimi, mbele yake, polepole. Halafu namngoja. Akitaka, anainamisha kichwa. Akiinua nyekundu, kitana kinashuka, tunangoja, tunaanza upya. Wakati mwingine Jumapili nzima inaishia kwenye mabutu mawili. Lakini hajawahi kunikimbia.

Leo hakuna kujichana kwanza. Mtaalamu kasema huko ni kubembelezana. Agizo, kungoja, mkono.

Akapeleka vidole kiunoni. Akapitisha kadi moja moja, hadi mwisho. Akarudia tangu mwanzo. Akaitikisa pete. Akanitazama — Malkia, ambaye macho yako huyatazama kwa bahati! Kisha akapiga ukelele ambao majirani waliusikia hadi kwa wajomba zao.

Kaning'ata kiganja. Tumeishia hapo. Nywele ziko vilevile.

Alhamisi, 12 Juni

Mtaalamu anasema ni kawaida, inazidi kwanza ndipo inapungua. Nisirudi nyuma sasa. Kasema kwa upole, kaniletea na plasta ya kiganja. Siwezi hata kumchukia vizuri.

Kaka kapiga simu kutoka huko aliko. Eti nimfundishe taratibu, uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nikamwambia basi njoo uujue, nauli si unayo? Akakata. Meno ya mbwa hayaumani, atapiga tena.

Malkia kaoga leo. Hakupigana sana.

Jumapili, 15 Juni

Amekaa!!!

Amekaa kwenye kiti, kichwa wima, nimemsuka mistari kichwa kizima, ya kubana, ya watu wazima, yenye ncha nyuma ya masikio. Tangu azaliwe sijapata kumsuka hivyo. Machozi yalikuwa yanamtoka, sikatai. Ila hakutoa sauti. Upande wa kushoto akawa anatetemeka, nikamfunika kanga begani, nikasema ni baridi.

Nimempa roleza zote, sanduku zima. Hakuzipanga. Kazishika tu. Nikasema kachoka, leo kafanya kazi kubwa.

Nimempiga picha nikamtumia kaka. Kajibu kwa moyo mwekundu na neno moja: Mrembo. Domo kaja kuona kwa macho yake, kashika kiuno: mtoto si kawa mtu! Nimevimba kichwa siku nzima. Nikafikiria mambo ya ajabu — harusi za watu, Malkia kapendeza, kakaa nami meza moja.

Jumamosi, 21 Juni

Siku ya wazazi kituoni. AMEPATA NAFASI.

Wametaja majina ya wanaokwenda karakana, na la kwake limo. Anaanza Jumanne ya tarehe mosi! Kumeletwa viti vya kukodi, spika zinakoroma. Malkia kaitwa mbele, kakunja mifuko mitatu, kavaa vile vifuniko vya masikio bila ubishi wowote. Watu wakapiga makofi yale ya kutikisa mikono hewani, maana kelele zinawaumiza vijana wenyewe. Mwalimu wake kalia. Mtaalamu kaonyesha grafu ukutani, mstari umeshuka hadi chini kabisa, sasa umelala.

Nikapewa maikrofoni. Mimi! Nikawaambia wazazi wenzangu wapige moyo konde, wasimwonee mtoto huruma, huruma nayo inadumaza. Mama mmoja kanifuata baadaye, ana kijana mkubwa, kanishika mikono: dada, nifundishe. Nikamfundisha. Nikamwambia anzia na kadi nyekundu.

Malkia alisimama pale mbele kichwa kimeinama upande mmoja, kushoto. Kapendeza. Nikadhani ni madaha.

Jumatatu, 23 Juni

Mto wake una doa la njano. Unanuka.

Nimeamka nimwandae, nikaona shavu linawaka moto. Sikio la kushoto limesukumwa mbele, kama mtu kaliegesha vibaya. Nyuma yake, chini ya mistari yangu, uvimbe mwekundu, umejaa. Mistari yangu imekata juu yake. Nilisuka JUU YAKE.

Nimefumua kwa mkono mmoja huku nampigia simu dereva wa teksi kwa mwingine. Hakunizuia. Kainamisha kichwa tu, katii.

Hospitali. Foleni. Sindano. Dripu. Tumelazwa.

Jumatano, 25 Juni

Daktari ni mama wa makamo, hasemi sana. Kasema usaha ulianzia ndani ya sikio, ukaingia kwenye mfupa ulio nyuma yake. Si jambo la juzi. Ni wiki. Mfupa huo umepakana na ubongo kama vyumba viwili vya nyumba moja, ukuta mwembamba. Dawa ya mshipa haijatosha, joto halishuki. Kesho asubuhi wanafungua, wanasafisha. Wakichelewa, usaha unahamia chumba cha pili.

Kisha akauliza: wiki zote hizo, hakulalamika?

Nilicheka. Mungu nisamehe, nilicheka hadi muuguzi akaniletea kiti.

Mchana Mtaalamu kaja, na Mwalimu nyuma yake. Shati halikuwa limepigwa pasi. Sikumkaribisha. Akasimama penye miguu ya kitanda, akafungua kompyuta yake mkononi kama mtu anayefungua jeneza, akaanza kunisomea vile vitu Malkia alivyovikataa mwezi ule, kabla hatujaondoa kadi. Kofia. Kuoshwa nywele. Vifuniko vya masikio. Kitana. Kulala ubavu wa kushoto wakati wa mapumziko. Kofia tena. Gundi hakuikataa. Karatasi hakuzikataa. Kufagia, kuosha vyombo, kubeba viti — hakukataa.

Akasema: hakukataa kazi hata moja, Shangazi. Alikuwa anakataa kichwa.

Nilimpa za uso. Nilimwambia mtu akikuambia sitaki, hata bubu, unamuuliza kwa nini, humnyang'anyi ulimi. Akasema ndiyo. Hakujitetea, na ndilo lililoniuma, maana ulimi wenyewe niliunyang'anya mimi kwa vidole vyangu hivi, na nikasimama kwenye maikrofoni nikawafundisha wengine. Yule mama mwenye kijana! Sina hata namba yake. Nimemtuma Mwalimu amtafute leo hii hii, amwambie arudishe.

Mwalimu kaniambia nafasi ya karakana watamshikia. Karakana!

Domo kaniletea kadi kutoka kwenye droo, chini ya vibanio. Imekunjika kona. Nimeirudisha kwenye pete, nikaiweka mkononi mwake. Hakuifanyia chochote. Nikamshika bega, nikangoja. Nikavuta shuka. Nikamgusa mguu. Hakuna. Muuguzi kampima joto, kamgeuza, kamchoma — hakuna. Kalala na kadi kifuani, katii, katulia. Wodi nzima inamsifu: mgonjwa mpole kuliko wote.

Nilimwambia sikioni, la kulia, Malkia wangu, kataa. Nikatae hata mimi.

Alhamisi, 26 Juni

Naandika nimekaa sakafuni, ubavu kwenye kitanda chake. Kalamu ni ya muuguzi.

Wamekuja asubuhi na mashine ya kunyolea. Lazima nywele za nyuma ya sikio zitoke kabla ya kisu. Muuguzi wa kiume, mkubwa, si mtu mbaya, kaniambia tu: tutamshika kidogo, Mama, dakika mbili. Nikasema hakuna wa kumshika. Mimi ndiye msusi wake. Nipe.

Nikawasha mashine. Malkia akafumbua macho.

Na nyekundu ikapanda.

Juu kabisa, mkono umenyooka, unatetemeka kwa homa, kadi iko usoni mwangu. SITAKI. Nililia kwa sauti, nilisahau niko wapi. Nilisema asante, asante mama, hadi yule muuguzi akadhani nimechanganyikiwa. Mtu nimemwomba usiku kucha akatae, kakataa!

Kisha nikakumbuka kakataa nini.

Muuguzi akasema kwa upole, Mama, chumba cha upasuaji kinatungoja. Akamwita mwenzake. Wakasogea huku na huku. Daktari kaja mlangoni na glavu, kasema neno moja, mfupa, akaangalia saa ya ukutani. Na ni kweli. Sitaki hii si ya kofia. Nikiiheshimu inaweza kumuua. Nikiikanyaga leo, ya kwanza tangu nimrudishie, kesho ataiinua kwa nani?

Nikashusha mashine. Ndio mkataba.

Nikawaambia nipeni nafasi ya kufanya kama tunavyofanya Jumapili. Muuguzi akataka kunijibu, Daktari akamzuia kwa mkono. Sijui amenipa muda gani, hakusema, na mimi sikuuliza.

Nikamwonyesha mashine, imezimwa. Nikaiwasha. Nikavua kitambaa changu cha kichwa, nikaipeleka mashine nyuma ya sikio langu la kushoto, polepole, anione. Nywele zangu, za miaka, natangaza nazo biashara! Zikaanguka begani. Nikapitisha tena hadi ngozi ikaonekana. Nikamgeuzia aone. Nikajigusa pale penye upara, nikampa mkono naye aguse.

Akagusa. Kidole kimoja. Akakipitisha, akakirudisha.

Tukangoja, mimi nikiandika ili asione namharakisha.

Sasa hivi mkono umeshuka, umelala kwenye shuka. Kadi bado ameishika, upande wake mwekundu unatazama juu. Kichwa hajainamisha. Wauguzi wawili wamesimama penye mlango, mmoja amekwisha vaa glavu. Daktari kauliza mara moja, Shangazi, vipi? Nimeinua kidole, nimemwomba kidogo tu.

Nimejinyoa upande wa kulia pia, sina kingine cha kumwonyesha. Ananitazama. Daktari anaingia, naiweka kalamu chini.