Upinde wa Kulifaa Bega Lako

Bonga,
Babati, Manyara.
16 Juni, 2024.

Mdogo wangu mpendwa Aminiel,

Marahaba, mdogo wangu. Shikamoo yako niliipata pamoja na zile picha. Hamjambo huko Kanada? Martha mkeo anaendeleaje, na baridi imewaachia kidogo? Na bega linasemaje? Usinijibu "naendelea vizuri" kama unavyomjibu kila mtu. Niambie kama sasa unaweza kulalia ubavu wa kushoto.

Sisi huku ni wazima. Mahindi tumeanza kuvuna wiki iliyopita, na si mabaya ingawa mvua ilikatika mapema. Asubuhi kuna baridi, mlima Kwaraa hauonekani mpaka saa nne. Antonia wangu amenipita urefu na viatu vyangu vyote sasa ni vyake.

Baba naye ni mzima, lakini habari zake ndizo zilizonifanya nishike kalamu. Kwenye simu ningelia. Nikimaliza nitazipiga picha kurasa hizi nikutumie.

Kwanza naomba unisamehe. Uliniomba nisimwambie baba, nami nimemwambia.

Ulinieleza kwamba tangu ulipoumia kule kwenye kiwanda cha nyama, daktari amekukataza kuvuta upinde wa kawaida, ila amekubali ule uliolazwa juu ya kitako kama cha bunduki, unaofyatuliwa kwa kidole. Ukanitumia picha za aina mbili, mkubwa na mdogo. Ukasema wenzako wote wana ule mkubwa, na huwezi kwenda nao kuwinda kulungu ukiwa umeshika kitu cha mtoto. Ukaniuliza mimi naonaje. Aminiel, mimi ni mwalimu wa hisabati! Ninachojua kuhusu upinde ni kwamba baba alikuwa nao. Nilikaa na picha zako siku tatu, kisha nikaenda nyumbani nikazifungua mbele yake.

Alizitazama muda mrefu. Nilidhani atauliza habari za upinde. Akauliza, "Bega gani?"

Nikamwambia la kushoto. Akasogeza kikombe chake pembeni.

"Kwa nini hakuniambia mimi?"

"Anaona aibu, baba. Wewe ndiye uliyemfundisha kuvuta."

Akanirudishia simu akatoka nje. Kesho yake asubuhi nilimkuta amevaa koti, ananisubiri. Tukaenda Nakwa kwa Tadeo, fundi seremala. Baba aliniagiza nisome uzito ulioandikwa chini ya kila picha: mkubwa kilo nne na ushee, mdogo kilo mbili na nusu. Tadeo akakata mbao mbili kwa kufuata picha, akazifunga vifuko vya mchanga mpaka mizani ikakubali. Alikuwa anacheka, akidhani tunaandaa igizo la kanisani.

Baba alianza na ule mkubwa. Akaegemeza kitako begani kulia, mkono wa kushoto ukabeba mbele, akalenga gurudumu la baiskeli iliyokuwa uani. Mimi nikahesabu sekunde. Sikufika kumi na tano. Mkono wa kushoto ulianza kutetemeka, kisha ukashuka wenyewe na mbao ikampiga gotini. Tadeo akaacha kucheka, akamletea kigoda.

"Ni uzee tu, baba," nikamwambia.

"Si uzee. Bega hili liliharibika wewe ukiwa kidato cha kwanza."

Unakumbuka sote tulijua kwamba baba aliacha kuwinda kwa sababu alichaguliwa kuwa mzee wa kanisa. Mama alifariki akiamini hivyo. Kumbe alianguka kutoka kwenye tela la trekta wakati wa mavuno, bega likateguka, akalirudisha mwenyewe na hakumwambia mtu. Aliendelea kwenda na mzee Kasura, jirani tuliyepakana naye, kulinda mashamba, wakati ule nguruwe pori waliposhuka kula mahindi. Jioni moja nguruwe alitokea, baba akavuta, na mkono uliobeba upinde ukatetemeka kama nilivyouona pale kwa Tadeo. Mshale ukachana kola ya koti la Kasura. Kola, Aminiel! Vidole viwili kutoka shingoni.

"Hakuniuliza, nami sikumweleza," baba alisema. "Mpaka leo akinipa mkono kanisani, macho yangu yanakwenda shingoni kwake."

Tadeo alijifanya anatafuta misumari. Mimi sikujifanya chochote, nililia pale pale kwenye vumbi la mbao.

Baba akaniacha nilie, kisha akadai ule mdogo. Huo aliushika. Akamwambia Tadeo asogeze mchanga nyuma, karibu na kifua, akaushika tena, nami nikahesabu hadi sitini bila mkono kutikisika. Alipoushusha alikuwa anatabasamu. Siku nyingi nilikuwa sijaona meno yake yote.

Basi haya ndiyo maneno yake kwako. Chukua mdogo. Ila usiishie kusoma kilo, nenda dukani ukaushike kama unalenga, na umwombe Martha ahesabu. Uzito ukikaa mbele, bega lako litaubeba peke yake. Ukikaa nyuma, mwili wote utasaidia. Ukitetemeka kabla ya sekunde thelathini, urudishe, hata muuzaji akisema nini.

Kuhusu kuvuta kamba, nilimweleza kwamba kuna wanaovuta kwa mikono miwili huku wamekanyaga ncha ya mbele ya upinde, na kuna wenye mpini wa kuzungusha. Akasema wa kuzungusha, bila kufikiri mara mbili, na uzungushe kwa mkono wa kulia. Kisha akauliza jambo ambalo mimi nisingeliwaza: ukishavuta, na mnyama asitokee mpaka jioni, unailegezaje kamba bila kufyatua? Hakikisha mpini wako unaweza pia kurudisha kamba taratibu. Kamba isiachiwe bila mshale, na usitembee na wenzako ikiwa imevutwa.

Msituni usiushike hewani. Kata mti wenye panda juu, uuchomeke chini, uegemeze humo mbele ya upinde. Mnyama akiwa mbali, mwache aende zake. Nilipomwambia wenzako watakucheka, alikasirika kidogo. "Wamcheke," alisema. "Kasura angefurahi sana kama mimi ningechekwa."

Siku ya pili yake nilimpeleka hospitali, na safari hii hakubisha. Daktari wa mazoezi alisema kiungo kimekakamaa, hakitarudi kama zamani, lakini kitalegea. Amempa zoezi la kupandisha vidole ukutani kama mdudu anayetambaa. Kila jioni baba anachora alama ya mkaa pale alipofika. Ukuta wa sebuleni umeharibika na sijathubutu kumwambia kitu.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, alimfuata Kasura nje ya kanisa akamweleza yote. Nilisimama mbali kidogo, nimeshika mkoba kwa nguvu. Mzee Kasura alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Marseli, miaka yote hii nilidhani ulinilenga kwa sababu ya ule mpaka wa shamba!" Walicheka wakashikana mabega, wakakohoa, watu wakageuka kuwatazama. Baadaye niliona baba anajifuta macho kwa kofia.

Sasa ana ombi. Anajua na wewe umepewa mazoezi na huyafanyi. Hilo sikumwambia mimi, amelijua mwenyewe. Anataka mfanye pamoja. Saa moja jioni huku, kwenu ni asubuhi, umpigie simu ya picha, kila mmoja asimame kwenye ukuta wake. Nimemwonyesha pa kubonyeza.

Wasalimie Martha na majirani wanaokusaidia kubeba vitu. Antonia anakuamkia, anasema shikamoo mjomba. Tadeo anakusalimu na anauliza afanye nini na zile mbao. Mungu akulinde uwapo porini na uwapo kazini, na alifungue bega lako polepole bila maumivu.

Mimi ni dada yako, ambaye siri zako nyingine bado nimezitunza, na ninakupenda sana,

Dorika, Mama Antonia.

Baba ameomba kalamu, anaongeza kwa mkono wake:

Mwanangu Aminiel. Ukimkosa mnyama rudi tu, Martha atapika maharage. Lakini siku nyingine ukiumia, nipigie mimi kwanza. Leo nimefika usawa wa dirisha. Wewe umefika wapi?